Ninunue pikipiki kubwa ya safari iliyozeeka nikiwa Uganda? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wananiuliza haya kila wiki, wengine kwa simu usiku wakiwa wameshalipa tayari, na hapo inaniuma kweli manake mtu ametoa akiba ya miaka mitatu kwa kitu ambacho nusu saa ya kuangalia vizuri ingemwokoa. Kwa hio nimeandika yote hapa. Naongelea pikipiki kubwa za safari, zile za cc 600 kwenda juu, zenye kioo cha upepo na maboksi ya pembeni, zilizotengenezwa miaka 15, 20 au hata 30 iliyopita.

Nimeona moja ya 1999, iko safi, bei imenivutia. Ninunue au niache?

Kabla ya kuangalia pikipiki jiangalie wewe. Unaenda wapi nayo? Kama kila mwezi unatoka Kampala kwenda Mbarara au Kabale au Gulu, na unapenda njia yenyewe, basi pikipiki ya hivo itakupa raha ambayo gari haliwezi kukupa. Lakini kama safari yako ni Ntinda kwenda mjini na kurudi, na mara moja kwa mwaka Jinja, hapana ndugu yangu, utakuwa unalisha mnyama mkubwa wa kubeba gunia moja.

Swali la pili ni kama unaweza kuwa bila hio pikipiki wiki sita. Si siku sita, wiki sita. Sababu ikiharibika kitu ambacho hakipo Kampala utangoja kiletwe kutoka nje, na ukingoja huku huna usafiri mwingine utaanza kukubali fundi abandike bandike chochote, hapo ndio mashine nzuri zinauliwa. Kama uko na pikipiki ndogo kama Boxer au gari la kukutoa kazini, endelea kusoma.

Imetembea kilomita 30,000 tu na iko na miaka 20. Si hio ni bora kuliko ya kilomita 90,000?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote na watu wengi wanalijibu vibaya, hata mimi nililijibu vibaya.

Kilomita zinakula chuma, miaka inakula mpira. Injini nyingi za Kijapani za safari zinafika kilomita 150,000 bila kufunguliwa kama zilibadilishiwa oili kwa wakati. Lakini mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka, na pikipiki imejaa mpira mahali usipopaona: paipu za maji, paipu za breki, sili za foku (zile nguzo mbili za mbele), mipira inayoshika kabureta kwenye injini, oring'i za tangi, daiaframu za ndani ya kabureta. Pikipiki iliyokaa imefunikwa gereji miaka sita inaoza kimya kimya huku rangi inang'aa.

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa na kilomita 31,000 na miaka 19. Nilijiona nimeokota dhahabu. Safari ya kwanza ndefu naenda Kabale, nimepita Ntungamo naanza ile milima, nikasikia harufu tamu tamu kama sharubati inaungua, alafu mvuke ukaanza kunipiga kwenye buti la kulia. Nikasimama. Paipu ya juu ya maji ilikuwa imepasuka kwa urefu, na nilipoibonyeza na kidole ilivunjika vipande kama muhogo uliokaushwa juani. Kijana wa boda akasimama akaniangalia akasema, "Ssebo, hii mpira ilikufa zamani, wewe ulikuwa unabeba maiti." Akanipeleka Muhanga, tukapata paipu ya gari tukaikata kwa kisu, tukafunga na klipu mbili, nikafika Kabale mwendo wa 50 usiku nikitetemeka kwa baridi. Nilikuwa nimeiosha hio pikipiki mara nne kabla ya safari na sikuwahi hata siku moja kuibonyeza ile paipu.

Kwa hio ukienda kuangalia, injini ikiwa baridi, bonyeza kila paipu ya maji unayoifikia. Iliyo hai inabonyea na kurudi kama kiganja cha mtu. Iliyokufa ni ngumu kama mti, au imelegea kabisa inateleza kwa ndani, na kwenye klipu utaona unga mweupe au wa kijani uliokauka, hapo maji yamekuwa yakitoka pole pole muda mrefu.

Mimi leo ukiniwekea mbili, moja ya kilomita 90,000 iliyokuwa inaendeshwa kila wiki na mwenyewe ako na risiti zote, na nyingine ya kilomita 30,000 iliyolala, nachukua ya 90,000 bila kufikiria mara mbili.

Ni zipi hasa unazoziongelea?

Kwa barabara ya lami tu, kuna Honda ST1100 ambayo Ulaya wanaiita Pan European, ilianza 1990 ikaenda mpaka 2002, injini ya silinda nne za V, inaendeshwa na shafti, yaani fito la chuma badala ya cheni, na tangi lake ni lita 28, yaani ukijaza Kampala unaweza kufika Kabale bila kusimama petroli kama hukimbizi sana. Hio ni mashine ngumu kweli kweli, lakini iko na uzito zaidi ya kilo 300 na mkanda wa taiming ni wa mpira, kwa hio muulize mwenyewe ulibadilishwa lini. Kuna dada yake mdogo Honda Deauville, ya cc 650 kuanzia 1998, hio haina sifa nyingi mtaani lakini kwa mtu anayetaka kufika na kurudi ni chaguo la akili. Kuna Kawasaki GTR1000 ya kuanzia 1986, ya zamani na rahisi kuelewa. Yamaha FJR1300 ilianza 2001, ina kasi mno, na ni injeksheni, yaani petroli inapulizwa kwa umeme badala ya kabureta.

Gold Wing ni ulimwengu mwingine. Ile GL1500 ya 1988 hadi 2000 ina silinda sita na inarudi nyuma kwa mota ya stata. Watu wanaipenda kwenye maharusi. Mimi singeinunua kwa barabara zetu.

Kama safari zako zinatoka nje ya lami, na huku Uganda karibu safari zote nzuri zinatoka nje ya lami mahali fulani, basi angalia zile ndefu: Honda Transalp 600 na 650, Africa Twin 750 ya kati ya 1990 na 2003, Suzuki V-Strom 650 kuanzia 2004. Ukitaka ushauri wangu wa moja kwa moja kwa mtu anayeanza, Transalp 650 au V-Strom 650, ya zamani, iliyotunzwa. Hazina makuu. Zinapita kwenye tuta la Lyantonde na kwenye udongo mwekundu wa Kaabong bila kukutoa roho.

Na BMW? Kila picha ya safari ya Afrika ni BMW.

Ni pikipiki nzuri sana na zimezunguka bara hili kweli. Lakini sikiliza mambo mawili.

La kwanza ni breki. Kuanzia 2001 R1150 nyingi zilikuja na breki zinazosaidiwa na mota ya umeme, ukiwasha funguo na kushika breki unasikia inalia "zzzzi". Ikiwa nzima inasimamisha vizuri ajabu. Ikifa, unabaki na breki kidogo sana na ile moduli yenyewe bei yake inaweza kukaribia thamani ya pikipiki. Mfumo ule unataka maji ya breki yabadilishwe kila mara, kwenye sakiti zake zote, na si kila fundi anajua kuna sakiti zaidi ya moja. Kwa hio R1100 ya zamani zaidi au R1150 isiyo na ile mota inaweza kuwa na amani zaidi kwako.

La pili ni beringi kubwa ya kule nyuma kwenye shafti. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, shika gurudumu la nyuma juu na chini, sukuma na vuta. Likicheza, usiendelee na bei, ongea kwanza nani analipa hio beringi.

Shafti au cheni?

Shafti kwa lami na mvua na vumbi, hutaki kuigusa miezi mingi. Badilisha oili yake, na wakati inamwagika weka kidole kwenye kile kizibo chenye sumaku: ukipata tope laini la kijivu ni kawaida, ukipata vipande vya chuma vinavyong'aa ni hatari.

Cheni inachakaa lakini inatengenezeka popote, hio ndio faida yake. Ila ujue cheni ya boda ni 428, haikai kwenye Transalp wala Africa Twin, hizo zinataka 525, kwa hio beba moja ya akiba na ile pini yake ya kufungia.

Tairi zake zina kashata nzuri, zinaonekana mpya kabisa.

Usiangalie kashata peke yake. Inama usome ubavuni, kuna neno DOT na mwisho wake kuna namba nne ndani ya kiduara cha yai. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Hio tairi hata kama bado ina vinywele vyake vya kiwandani imeshazeeka, imekuwa ngumu, na siku mvua ya kwanza inaponyesha baada ya kiangazi pale Masaka road na lami imejaa oili ya malori, itakuacha. Kuanzia miaka mitano mimi naikagua kila safari, ikifika kumi naitupa hata iwe nzuri vipi.

Na saizi! Tairi za boda haziwezi kukusaidia hapa. ST1100 inataka 110/80 ya inchi 18 mbele na 160/70 ya 17 nyuma, Africa Twin inataka 90/90 ya 21 mbele na 140/80 ya 17 nyuma. Kabla ya kununua pikipiki piga simu Kampala na Nairobi uulize saizi yako ipo au lazima iagizwe.

Nitajuaje kama umeme wake ni mzima?

Nunua kipima volti, ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa inasoma karibu 12.6. Washa, peleka injini mpaka mizunguko 4,000 hivi, inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 haichaji. Ikipita 15 regileta imekufa na inapika betri.

Alafu tafuta plagi yenye nyaya tatu za njano, kwenye pikipiki nyingi za Kijapani ndio inayotoka kwenye altaneta kwenda kwenye regileta, kile kifaa kinachopima chaji. Ichomoe uangalie ndani. Plastiki ikiwa nyeupe safi, sawa. Ikiwa imegeuka kahawia kama mkate ulioungua, kuna joto pale, na siku moja itakuacha usiku kwenye pori la Nakasongola ambapo ng'ombe wanalala barabarani. Ukiona nyaya zimeongezwa, tepu nyeusi juu ya tepu nyeusi, taa za ziada, alamu ya Kichina, honi ya lori, jua kuna mtu alikata waya asizozielewa. Mimi hapo natoa alamu siku ya kwanza kabla hata ya kubadilisha oili.

Siku ya kukagua nifanye nini kwanza?

Mwambie muuzaji asiiwashe. Nenda asubuhi na mapema, ukifika weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, muulize kwa heshima kwa nini, na usiikague siku hio, rudi kesho. Pikipiki inayoficha kitu inaficha ikiwa imepata moto, ikiwa baridi inasema ukweli wote: moshi, mlio wa cheni ya taiming, kugoma kwa kabureta, betri dhaifu.

Ikishawaka iache inguruma mahali pamoja mpaka feni ya radieta ijiwashe yenyewe. Watu hawana subira hapa, lakini hizi mashine kubwa kwenye foleni ya Jinja road zinategemea hio feni peke yake, na ikiwa haijiwashi utajua kabla hujalipa. Moshi mweupe kidogo asubuhi unaoisha haraka ni unyevu tu. Wa bluu unaoendelea ni oili. Mweupe unaoendelea hata injini ikiwa ya moto, na maji yanapungua, achana nayo.

Foku za mbele, vua kile kifuniko cha vumbi kama kipo, pitisha kidole kwenye chuma kinachong'aa, ukipata utelezi wa oili sili zimekwisha. Usukani, inua gurudumu la mbele alafu uzungushe pole pole, kama kuna mahali unakwama katikati kama kijishimo, beringi za shingo zimeliwa. Fungua tangi uchungulie na tochi, kutu ndani ya tangi itakusumbua mwaka mzima.

Kisha iendeshe, na si dakika mbili kuzunguka mtaa. Gia zote, breki zote, na sehemu ya kupanda kilima gia ya nne ukifungua mafuta, injini ikipanda mizunguko na pikipiki haiongezi mwendo klachi inateleza.

Karatasi. Muuzaji anasema logibuku, yaani kadi ya umiliki, iko kwa rafiki yake.

Basi hela yako nayo ibaki kwako mpaka rafiki arudi.

Kweli, hapa ndipo watu wanapoumia kuliko hata kwenye injini. Pikipiki kubwa nyingi huku ziliingia na watu wa ubalozi, wa mashirika, au watalii. Mtu wa ubalozi au shirika lenye msamaha aliingiza bila kulipa ushuru, na akimuuzia mtu wa kawaida ule ushuru unaamka, lazima mtu aulipe. Ukinunua bila kuuliza, mtu huyo ni wewe. Ile yenye namba ya Kenya inayouzwa rahisi Busia ni vile vile, ukiongeza ushuru kwenye hesabu yako, urahisi wake unapotea.

Namba ya chesisi iko kwenye shingo ya fremu pale usukani unapozungukia, ifute vumbi uisome mwenyewe, herufi kwa herufi, ulinganishe na logibuku, alafu namba ya injini pia. Ikionekana imekwaruzwa au imepigwa upya, namba moja imekaa juu nyingine chini, ondoka. Anayeuza awe ndiye mwenye jina, na kitambulisho chake, au awe na barua ya mwanasheria inayompa mamlaka. Lipa benki, andikeni mkataba na mashahidi, na jina libadilishwe mara moja, si "tutafanya mwezi ujao". Nimeona mjane akisumbuliwa na watu wawili wanaodai pikipiki moja sababu marehemu aliuza bila kubadilisha jina, ni jambo la huzuni na lingeisha kwa siku moja.

Niagize mwenyewe kutoka Japani au Uingereza?

Unaweza kupata iliyo safi zaidi, hasa ya Japani. Lakini umri unakufunga. Kwa magari, sheria ya Uganda ya 2018 ilifunga kuingiza lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, na vyombo vya zamani kwa ujumla vinabanwa kodi. Kabla ya kutuma hata shilingi moja mpe wakala wa forodha namba ya chesisi na mwaka wa kutengenezwa, akuandikie kwa maandishi kama itaingia na kwa kiasi gani, pamoja na kuitoa Mombasa mpaka hapa. Kwa iliyozeeka kweli, mi napendelea iliyo tayari na namba ya Uganda.

Fundi nitampata wapi? Mafundi wetu wamezoea boda.

Mafundi wa boda wana mikono mizuri kuliko watu wanavyofikiri, shida ni haraka na nguvu. Bolti ya aluminiamu ya pikipiki kubwa inataka spana ya kipimo, si bomba la kuongezea nguvu. Mimi nilimtafuta kijana mmoja mtulivu, nikamnunulia kitabu cha ufundi cha ile modeli nikakiprinti, tukakaa pamoja Jumapili tatu tukifanya kazi ndogo ndogo. Leo anatengeneza za watu wengine saba.

Kitu kimoja mkatalie: oili ya gari. Kwenye pikipiki nyingi klachi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na oili nyingi za magari ya kisasa zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2. BMW za zamani za silinda mbili za ubavuni zina klachi kavu, hizo hazina tatizo hilo.

Na speya?

Nyingi zaidi kuliko unavyoogopa, kama unajua kuuliza. Beringi za magurudumu zina namba zimechongwa ubavuni, 6204, 6303 na kadhalika, nenda duka la beringi na namba, usiseme ni ya pikipiki gani. Paipu za maji, klipu, fyuzi, rilei, balbu, hata plagi, soko la Kisekka pale Kampala utapata. Chuma kilichopinda au kishikio cha boksi, mafundi chuma wa Katwe, Kampala, watakichonga kizuri kuliko cha kiwandani. Vinavyokosekana ni gasketi za injini, pedi za breki za modeli yako, nyaya za klachi, plastiki za ubavuni na vipuri vya umeme. Hivyo agiza kabla havijaharibika, weka ndani kwenye boksi.

Niweke pembeni hela ngapi zaidi ya bei?

Mi nasema theluthi ya bei, na uitumie mwezi wa kwanza: tairi, betri, oili zote, maji ya radieta, maji ya breki, paipu, filta, plagi, pedi. Kama bei inakumaliza hela zote, tafuta ya bei ndogo. Usisubiri mpaka kitu kiharibike, sababu hujui mwenye nayo wa mwisho alidanganya lini.

Kabureta au injeksheni?

Kabureta kwa anayetaka kujitengenezea njiani. Ujue tu kwamba Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari na Kabale karibu 2,000, kwa hio kabureta iliyopangiwa Uingereza itakula petroli zaidi kidogo na kuwa nzito huko juu, si ugonjwa. Injeksheni inajirekebisha yenyewe, lakini pampu yake ikifa huwezi kuidanganya. Zote mbili zinachukia petroli chafu, badilisha filta.

Mi ni mfupi na nimezoea Boxer. Nitaiweza?

Boxer ni kama kilo 110. ST1100 ni karibu mara tatu. Ikiwa inatembea husikii, uzito unakuja ikisimama, kwenye changarawe, kwenye mteremko wa kuegesha, ukiwa na mama watoto nyuma na maboksi yamejaa. Kabla ya kununua kaa juu yake, nyayo zishike chini angalau nusu, alafu ushuke uisukume kwa mkono mita ishirini kurudi nyuma. Ukishindwa kuisukuma ukiwa umepumzika utashindwa ukiwa umechoka. Permiti yako iwe na daraja A, na jipe mwezi mzima wa Jumapili asubuhi barabara zikiwa tupu kabla ya kubeba mtu.

Naweza kuvuka nayo kwenda Kenya, Rwanda, Tanzania?

Ndio, na hio ndio raha yake. Logibuku iwe na jina lako, bima ya Yellow Card ya COMESA inakubaliwa nchi zote hizo tatu, na uwe na subira Malaba na Katuna. Rwanda wanaendesha upande wa kulia, ukitoka tu Katuna jikumbushe kwa sauti. Na usipange safari kwa kipimo cha tangi peke yake. Mei 2023 mafuriko yalipokata daraja la Katonga barabara ya Masaka, watu walizunguka Mpigi, Kanoni, Sembabule mpaka Villa Maria, na aliyekuwa na tangi dogo aliona cha moto.

Nimekagua, kuna vitu vitatu vibaya, lakini naipenda. Nifanyeje?

Gawanya. Tairi, betri, sili za foku, pedi, paipu, hivyo ni vya kununua, viandike na bei zake umwonyeshe muuzaji mpunguze. Fremu iliyopinda au kuchomelewa, namba za kutilia shaka, injini inayogonga kwa ndani, maji kwenye oili kama kahawa ya maziwa, muuzaji anayekataa uiwashe baridi, hivyo si vya kupunguziana bei. Hata kimoja tu, mshukuru, mpe mkono, panda boda urudi nyumbani. Mi nimeacha tano kabla ya hii niliyonayo sasa, na ya tano nililala siku mbili naiota. Hii ya sasa ilikuwa na maboksi yaliyokwaruzwa na kiti kilichochanika, mwenyewe alikuwa mzee mmoja anaandika kila oili aliyobadilisha kwenye daftari la shule tangu 2009, na aliponipa funguo alinipa na daftari. Nami naendelea kuandika humo humo, ukurasa unaofuata baada ya mwandiko wake.